Matembele ya Waliotengwa

Kule Janga, mtu akitengwa na kanisa alikuwa anakula vizuri. Naanza na hilo kwa sababu wageni huwa hawaliamini, na kwa sababu mimi mwenyewe niliyekulia palepale sijalielewa mpaka leo. Jumapili asubuhi jina lako linasomwa mbele ya washarika wote, kwamba umekwenda kinyume na mafundisho na umetengwa na Meza ya Bwana hadi utakapotubu. Unarudi nyumbani umejifunika khanga hadi puani. Kabla jua halijazama anabisha hodi mwanamke yuleyule aliyepeleka jina lako kwa mchungaji, na kapu la matembele kichwani. Ndani ya matembele kuna nazi, na pengine mayai yamefungwa kwenye kitambaa. Anakaa, anauliza watoto wanaendeleaje, anasifia kuku wako. Habari za kosa hazigusi. Akimaliza maji aliyopewa anaaga na kwenda zake.

Tulimwita Mama Mzee. Kila jumuiya ina mzee wake wa kanisa, na wa kwetu alikuwa mwanamke, na kwa kuwa huwezi kumwita mwanamke mzee hivihivi bila kuonekana unamtania, watu wakaongeza mama mbele. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mwendo wa mtu anayewahi gari hata akienda kisimani. Alikuja Janga kutoka Upareni zamani, mimi sijazaliwa, na habari za ukoo wake siwezi kuzieleza kwa sababu hakuwahi kuzieleza.

Mmbeya hakuwa. Hilo nitalisema hata mbele ya adui zake, na adui anao. Ukimpelekea habari ya mtu alikuuliza swali moja: "Umemwona au umeambiwa?" Ukisema umeambiwa, alikugeuzia mgongo akaendelea na kazi yake. Ukisema umemwona, alivaa viatu. Alikwenda kwanza kwa mwenyewe, akasimama uani, akamwambia, "Nimekuja kukwambia mwenyewe kabla sijakwenda kwa mchungaji." Wengine walimtukana. Fundi cherehani wetu aliwahi kummwagia maji ya kuoshea vyombo. Alijipangusa, akasema ameyasikia maneno yake, akaenda kwa mchungaji akiwa amelowa vilevile.

Huyo fundi ndiye wa kwanza kunichanganya akili. Alikuwa anakunywa gongo na kumpiga mkewe, na sote tulisikia, maana Janga nyumba zinasikilizana. Mama Mzee alimpeleka mbele. Akatengwa. Akatubu kwa machozi, akapokelewa, akakaa vizuri kwa muda, akarudi kwenye gongo. Akatengwa tena. Yakawa ndiyo maisha yake, kutoka na kuingia, hadi watoto wa kwaya wakawa wanajua wimbo utakaoimbwa siku ya kumpokea. Halafu akaacha. Aliacha kabisa, gongo na ngumi, na hajayarudia hadi leo.

Nilimuuliza siku moja nilipokwenda kuchukua sketi yangu ya kazini.

"Fundi, ni kule kutengwa kulikokuachisha?"

"Kutengwa nilishazoea," akasema, pini zikiwa mdomoni. "Kilichonishinda ni yale matembele. Mtu unamchukia kwa moyo wako wote, halafu usiku unakula mboga yake. Sasa utamchukiaje kwa raha?"

Nikaona nimepata jibu. Nikatoka nje, nikakutana na mkewe, nikamweleza. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Matembele? Huyo, daktari alimwambia ini linakwisha. Ameogopa kufa, basi." Nikampelekea Mama Mzee majibu yote mawili, nikitegemea atachagua moja. Hakuchagua. "Ameacha kwa sababu alirudiwa," akasema, na alivyolisema ilikuwa kana kwamba nimemuuliza kwa nini mvua inalowesha.

Hapo nieleze Kiswahili chake. Mama Mzee alizungumza Kiswahili cha kanisani cha zamani, na kwake kumrudi mtu kulikuwa ni kumwonya na kumwadhibu ili anyooke. Neno ni zuri tu, wazee wanalijua, na wahubiri wengine bado wanalo. Sisi watoto wa shule ya Jumapili hatukulijua. Kwetu kurudi kulikuwa ni kurudi, unakwenda dukani unarudi. Kwa hiyo Mama Mzee aliposimama mbele yetu na kusema, "Mzazi anayempenda mtoto humrudi," tuliangaliana. Mmoja akanong'ona, "Kwani alikuwa amekwenda wapi?" Tukacheka mpaka tukatolewa nje. Huko nje tukaambiwa tumerudiwa, tukacheka zaidi.

Mama yangu anaamini adhabu inasaidia, tena bila mjadala. Akitaka mfano ananitaja mimi. "Wewe ulikuwa unamwogopa Mama Mzee, ndiyo maana hukuniletea mimba nyumbani." Huwa namjibu kwamba sikuleta mimba kwa sababu hakuna aliyenitaka, na tunacheka. Lakini kusema kweli nilimwogopa. Palikuwa na kijana mmoja wa Mlandizi, mpole, mwenye nia njema kabisa, na kila aliponisogelea nilisikia jina langu likisomwa madhabahuni. Alichoka akaoa mwingine. Wanaendelea vizuri, nawaona mjini. Sijui kama niliokolewa au niliibiwa, na kila nikijaribu kuamua nalala na jibu moja naamka na jingine.

Siku hizi naishi Misugusugu na nafanya kazi masijala katika ofisi moja Kibaha mjini. Kila asubuhi nawaona madereva wakimulikiana taa barabarani, maana yake trafiki yuko mbele. Basi wote wanakuwa malaika. Hata wa malori wanakwenda taratibu kama wanasindikiza bibi harusi. Wakishampita trafiki, vumbi tupu. Nikiwaona hivyo nasema adhabu haifundishi mtu, inamfundisha tu kujua alipo mwenye adhabu. Mwenzangu wa ofisini ananiambia, "Na asingekuwepo hata hapo, je?"

Na Mama Mzee mwenyewe hakunisaidia, maana alikuwa mtu wa pande mbili. Mbuzi wa jirani waliingia shambani kwake wakala mihogo michanga yote ya upande wa bondeni. Serikali ya kijiji ikataka mwenye mbuzi apigwe faini. Mama Mzee akakataa faini isitajwe. "Mbuzi hajui mpaka," akasema, "na mwenye mbuzi ana macho mabovu." Akapanda upya. Mbuzi wakaja tena, akawafukuza kwa khanga yake huku akiwaita kwa majina. Mbuzi aliwasamehe. Binadamu ndio hakuwaachia hata kidogo, kwa sababu, alisema, binadamu anajua.

Sasa nifike kwenye lililonikaa moyoni. Mama Mzee alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, Namkunda. Alimpoteza kwa adhabu, na kwa miaka mingi sikujua kama atampata tena kabla mmoja wao hajafa.

Namkunda alinizidi umri kidogo. Ndiye aliyenifundisha kusuka twende kilioni, na ndiye aliyekuwa na sauti ya kwanza nzuri kuliko zote kwenye kwaya ya vijana. Alipopata mimba alihamia kwetu, maana mama yangu hana moyo wa kufukuza mtu, na Mama Mzee hakumfuata wala hakumzuia. Hakuna aliyethubutu kupeleka jina. Wazee wengine wa kanisa walikwenda kumwambia kwamba jambo hili liishe kimyakimya, kwa heshima yake. Aliwauliza, "Na binti wa fundi tulimwacha kimyakimya?" Wakaondoka.

Jumapili ile hakumpa mchungaji jina alisome. Aliomba alisome mwenyewe. Alisimama mbele na gauni lake la bluu la ibada, akasema, "Namkunda, binti yangu." Namkunda alikuwa amekaa karibu yangu, tunashirikiana kitabu cha nyimbo. Hakulia. Wimbo uliofuata ulipoanza alinifungulia ukurasa, akanikabidhi kitabu, akatoka. Mwanamume mwenyewe hakuwa wa kanisa letu, kwa hiyo jina lake halikusomwa popote, na huenda hadi leo hajui kwamba kuna kitu kilisomwa.

Jioni ile sote tulingoja kapu. Hatukusemezana, lakini mama yangu alifagia uwanja mara ya pili, na mimi nikaosha kikombe cha wageni. Namkunda alikaa mlangoni na ungo, anachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa, uso kwenye njia. Kapu halikuja. Mama akasema, "Atakuja kesho." Kesho yake tulimwona Mama Mzee akipita barabarani na kapu kichwani, anapeleka matembele kwa mwingine aliyesomwa pamoja na Namkunda. Alipita. Hakugeuza shingo.

Mama yangu alikwenda kumuuliza, na alikwenda na hasira. Alirudi amepoa. Jibu alilopewa ni kwamba watu wangesema anamdekeza. "Wa wenzangu niliwarudi nikawafuata," alimwambia. "Wa kwangu nikimfuata, yale mengine yote yataonekana uongo." Mama alituambia maneno hayo Namkunda akiwa anasikiliza. Baada ya wiki chache Namkunda alikwenda Kisarawe kwa mwanamke mmoja aliyehitaji msaidizi wa kupika, akajifungulia huko, akakaa huko.

Je, wasichana waliogopa? Waliogopa. Kwa mwaka mmoja hivi hapakuwa na jina la msichana lililosomwa, na wazee wa kanisa walipongezana. Baadaye ndipo tulipogundua kwamba wasichana waliopata mimba walikuwa wanahamia mapema kwenye makanisa ya maturubai kando ya barabara, ambako mtu haulizwi umetoka wapi. Makosa hayakupungua, yalihama tu. Lakini pia namjua msichana mmoja, sasa ni muuguzi, aliyeniambia kwamba Jumapili ile ya Namkunda ilimpa akili, na bila ile asingemaliza shule. Nimemweka huyo upande mmoja wa mizani na Namkunda upande wa pili, na mizani haijatulia.

Mama Mzee hakulitaja jina la binti yake tena. Ila akisikia mtu anatoka Kisarawe, au anakwenda, alimuuliza kitu kimoja: "Huko mvua inanyesha?" Angeuliza hata kiangazi. Ukimjibu inanyesha, alishukuru. Ukimjibu hainyeshi, alisema, "Basi huko juu watakuwa wanahangaika na maji." Zaidi ya hapo hakufika.

Nilitumwa Kisarawe kwenye semina ya kazi. Mchana wenzangu wakanivuta kwenye mgahawa karibu na stendi, wakisema kuna dada anapika vizuri. Dada mwenyewe alitoka jikoni na sinia, nikamjua kabla hajanijua. Amenenepa vizuri, ana mwanawe kidato cha tatu, ana wasichana wawili anawaamrisha kwa macho tu, kama mtu fulani. Tulikumbatiana mpaka wateja wakaomba pilipili. Watu walipopungua alikaa nami, na baada ya kuuliza habari za kila mtu wa Janga akauliza habari za mama yake mwisho kabisa.

"Yupo," nikasema. "Miguu inamsumbua kidogo."

"Bado anawapelekea watu matembele?"

"Bado."

Akatikisa kichwa. "Kunisoma nilimsamehe zamani. Mimi ni mtoto wake, nilijua atanisoma. Ningeshangaa angeacha. Ambalo limenishinda ni lile la pili."

Sikujua kuna la pili. Akanieleza kwamba mwanawe alipokuwa anaanza kutembea, kwaya ya Janga ilikuja kuimba Kisarawe, na kijana mmoja wa kwaya akamtafuta na kumpa ujumbe wa mama yake: kwamba atarudi kwake, kwa sababu anampenda. Namkunda akauliza lini. Kijana akasema Jumapili inayofuata, baada ya ibada.

"Nikapika makande," Namkunda akasema. "Tangu alfajiri, kwa mkaa, taratibu, kama anavyopenda yeye. Nikamvalisha mtoto. Nikakaa. Jioni nikawagawia majirani, mengine yakachacha. Sasa niambie, mtu atatuma ujumbe anarudi, halafu harudi? Hiyo si adhabu nyingine? Na hii alinipa kwa kosa gani?"

Mama Mzee ninayemjua mimi akisema anakuja, anakuja, hata kwa mguu mmoja. Nilipanda gari, tukateremka mlima wa Pugu nikiwa na neno lile kichwani, atarudi kwake, atarudi kwake, na tulipofika Gongo la Mboto ndipo nilipokumbuka shule ya Jumapili na jinsi tulivyolicheka neno hilo.

Yule kijana wa kwaya sasa ni mtu mzima, anaendesha bodaboda na kijiwe chake kipo hapahapa Misugusugu. Nilimfuata kesho yake kabla sijakwenda kazini.

"Ule ujumbe wa Mama Mzee uliopeleka Kisarawe. Alikuambia useme nini? Neno kwa neno."

Alifikiri, kofia ya pikipiki mapajani. "Dada, ni zamani hiyo. Ila nakumbuka, maana bi mkubwa aliniambia nirudierudie mpaka niushike. Alisema, 'Mwambie nilimrudi kwa sababu nampenda.'"

"Na wewe ukasemaje?"

"Sasa dada, unamrudije mtu? Hiyo sentensi si imegoma? Nikajua bi mkubwa Kiswahili kimemkwama, anamaanisha atarudi kwake. Nikamnyooshea tu ili isomeke."

"Na Jumapili uliitoa wapi?"

"Si aliniuliza lini? Ningesema sijui, ningeonekana mjumbe gani? Nikaona mzee wa kanisa atasafiri lini kama si Jumapili." Akaniangalia. "Kwani kuna noma?"

Nilitaka kumzaba kibao. Nasema wazi, mkono ulishainuka. Mimi ninayesema kila siku kwamba adhabu haifundishi, nilikuwa tayari kumwadhibu mtu pale kijiweni mbele ya wenzake, na nilikuwa na hakika kabisa kwamba kingemfaa. Kisha nikamwona jinsi alivyokaa, hana habari, amemsahihishia bibi Kiswahili kwa nia njema. Nikashusha mkono, nikamwambia anipeleke ofisini. Njia nzima aliniuliza kama kuna tatizo.

Jumamosi nilikwenda Janga. Nilimkuta Mama Mzee uani anachambua maharage, nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza yote bila kuacha kitu. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliendelea kuchambua kwa muda, akitoa mawe na kuyaweka kwenye kifuniko.

"Alipika nini?" akauliza.

"Makande."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu alfajiri. Kwa mkaa."

Akainamia ungo. Nilikaa nikingoja aseme anakwenda kuvaa. Nilikuwa hata na nauli yake mkononi, na moyoni nilishamwona kwenye gari la kwanza. Aliniambia nisikose ibada kesho yake, akaniaga.

Kesho yake, baada ya matangazo, Mama Mzee alisimama. Alikwenda mbele kwa miguu yake ile mibovu na akaomba kutengwa. Mchungaji wetu ni kijana, na alidhani hajasikia vizuri.

"Mama, nani amekushtaki?"

"Mimi."

"Kwa kosa gani?"

"Nilimrudi mtoto nikamwacha njiani."

Mchungaji akaangalia wazee wengine, nao wakaangalia viatu vyao. Alimwambia kwa upole kwamba hakuna utaratibu wa namna hiyo, kwamba kosa hilo haliko kwenye taratibu za usharika, na kwamba akae waombe. Akakaa. Lakini alikaa benchi la nyuma kabisa, lile la waliotengwa, na siku ya chakula cha Bwana hakuinuka. Mwezi uliofuata hakuinuka tena. Fundi cherehani, ambaye benchi lile analijua kila msumari, alimfuata akamwambia, "Mama, hapa si pako."

Nilichanganyikiwa, kisha nikakasirika. Nilimpigia Namkunda simu nimweleze kila kitu, kosa la mjumbe, na benchi la nyuma. Akacheka, kicheko kibaya.

"Huyo ndiye mama. Hata kuja kwangu lazima apitie kwenye adhabu kwanza."

"Sasa wewe njoo," nikamwambia.

"Niliondoka kwa kusomwa mbele ya watu. Nikija mwenyewe, nitakuja kama nani?"

Basi wakawa wamekaa hivyo, mmoja Janga na mwingine Kisarawe, kila mmoja akingoja kosa lipate utaratibu. Nami katikati, na simu. Nilijiuliza kama watu hawa wawili wangekuwa wanaishi wapi leo kama dunia isingekuwa na neno adhabu. Pengine nyumba moja. Au pengine wasingekuwa wao, maana ukiwatoa ule ukali sijui kingebaki nini cha kupenda.

Mara ya mwisho nilikwenda kwake juzijuzi, mchana, mvua za vuli zimeanza. Alikuwa amepungua. Alikuwa amekaa kibarazani miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, na aliponiona hakuniuliza habari za mvua ya popote. Nilikuwa nimekwenda na maneno makali niliyoyapanga njiani, kwamba magari yapo, kwamba kubadilisha Mbezi na Gongo la Mboto si kitu, kwamba nitamshika mkono mlango hadi mlango. Niliyasema yote.

"Nikienda hivihivi," akasema, "nitakuwa nimekwenda kutembea tu. Mimi sikumkosea kidogo nikatembee."

"Mchungaji amekataa kukutenga, mama. Amekataa. Sasa unangoja nani akuadhibu?"

Aliangalia maji yake kwenye beseni. Nikaona nimechoka na hekima za watu wote, za kwake na za kwangu. Nikatoa simu, nikampigia Namkunda, na alipoitikia nikaiweka kwenye sauti kubwa, nikampa Mama Mzee mkononi kabla hajakataa. Aliishika mbali na uso, kama watu wa umri wake wanavyoshika simu.

"Ni nani?" Namkunda akasema upande wa pili. Nyuma yake sufuria ziligongana.

"Ni mama yako."

Sufuria zikanyamaza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Niliogopa salio lisiishe, nikaona aibu kwa kuogopa salio. Mama Mzee alitoa mguu mmoja kwenye beseni, akauweka juu ya gunia, akatoa na wa pili.

"Sikusema nitakuja siku ile," akasema. "Kukungojesha bure, hapana. Ila ulingoja, na mimi ndiye uliyekuwa unaningoja. Hapa wamekataa kunitenga. Wanasema halimo kwenye utaratibu."

"Nimesikia, mama."

"Basi umebaki wewe." Aliisogeza simu karibu na mdomo, na akasema polepole kwa kile Kiswahili chake, "Nirudi, mwanangu."

Nilisikia Namkunda akivuta pumzi. Yule ni mtoto wa mzee wa kanisa, amekulia kwenye maneno yale kabla sisi wengine hatujaanza kuyacheka, na pia ameishi nusu ya umri wake Kisarawe, akizungumza Kiswahili cha wanaokula kwake. Kisha sauti ikaja ndogo, ya msichana niliyeshirikiana naye kitabu.

"Rudi, mama."

Mama Mzee alibaki ameshika simu baada ya binti yake kukata. Kisha akanirudishia, akajifuta miguu kwa upindo wa khanga, akaniambia nimletee viatu vyake vya safari, viko chini ya kitanda.

"Amekubali," akasema.

Nilikwenda kuvileta, na sikumuuliza amekubali lipi.